Glita Kwenye Mkate

Hamira hakusema hata habari za saa hizi. Aliingia na kofia ya kazi bado kichwani, akautua mkate juu ya cherehani, pale pale mkewe alipokuwa anapitisha mshono, kisha akarudi nyuma na kukunja mikono kama mtu aliyeweka ushahidi mezani.

"Uangalie vizuri," alisema.

Fundi aliinua mguu kutoka kwenye pedeli. Ulikuwa mkate kama mikate yote ya mumewe, mnene kiunoni, wa kahawia mgongoni. Hakuona kitu. Akaunyanyua kuelekea mlangoni, na mwanga ulipougusa, mkate ukamkonyeza. Chembe moja ya rangi ya fedha. Akaugeuza. Chembe nyingine, pembeni. Chini kulikuwa na ukoo mzima.

"Toba!"

"Mkate una nyota!" Binti yao wa miaka sita alikwisha kufika na kuchungulia. "Bibi! Njoo uone, baba ameoka mkate una nyota!"

"Nyamaza, Kasuku."

"Nyamaza, Kasuku," mtoto alirudia, maana jina hilo hakupewa bure.

Hamira alijitupa juu ya gunia la unga akaanza kueleza. Kila asubuhi alipeleka mikate kwenye jiko la hospitali, na jiko hilo lilikuwa na Msimamizi, mwanamke wa sare ya buluu iliyokoza na sauti isiyopanda wala kushuka. Leo hakupokea kreti. Alimwita Hamira katikati ya jiko, mbele ya wapishi na waosha vyombo, akaunyanyua mkate juu ya kichwa chake. Akauliza: hiki ni nini? Hamira akajibu kwamba ni mkate. Jiko zima likaangua kicheko. Kumbe wodini kuna mgonjwa alikuta kitu kigumu kwenye ulimi, akadhani jino limevunjika, akaamsha wodi nzima kwa makelele.

"Halafu yule mwosha masufuria ananiambia, 'Mzee, kesho tuletee yenye maua.' Mtu niliyempa mkate wa bure siku yake ya kwanza kazini! Nimesimama pale na kreti mikononi kama niliyeshikwa na kuku wa watu."

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Nimesema mke wangu anashona nguo za kumeta. Nimekutaja. Unisamehe."

"Na yeye?"

"Keshokutwa anakuja mwenyewe. Anataka kuona mkate unapolala na unapoamka. Akikuta chembe moja tu, anatafuta mwokaji mwingine."

Fundi aliugeukia ukuta. Pale, kwenye misumari, yalining'inia magauni ambayo hayajakamilika, na hata katika msiba huu macho yake yalikataa kuhuzunika yakiyatazama. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa ameshona zipu za suruali, sare za shule na mapazia. Kisha wiki iliyopita walikuja wanawake wa kiwanda cha viatu. Walikuwa na kikundi cha kuimba, na mwisho wa mwezi wangepanda jukwaani kushindana na viwanda vingine. Kiongozi wao, ambaye kiwanda kizima kilimwita Spika kwa sababu ya sauti yake, alikimwaga kitambaa juu ya cherehani na chumba kikajaa mwanga.

"Fundi, mimi nataka mtu wa safu ya mwisho kabisa avae miwani ya jua," alisema Spika. "Sisi mwaka mzima tunanuka gundi na ngozi. Siku moja tu, tung'ae."

Kilikuwa kitambaa cha glita cha bei ya chini. Glita yenyewe ilikuwa imepakwa juu kwa gundi, na gundi hiyo haikuipenda sana. Ukikigusa inabaki vidoleni. Ukikikata inaruka. Ilikuwa kwenye nyusi za Fundi, kwenye mswaki wa Hamira, kwenye sikio la paka wa jirani. Nyumba ilikuwa na chumba cha kulala, ua wenye tanuri, na chumba hiki cha mbele, ambacho ndicho pekee kilichopata upepo. Kwa hiyo cherehani ilikaa upande wa dirisha, na mikate ilipotoka motoni ililetwa kupoa upande wa mlango. Kwa miaka yote hiyo unga na uzi vilikuwa vimeishi pamoja bila ugomvi.

"Warudishie kazi yao," alisema Hamira.

"Nimeshayakata yote. Kitambaa kilichokatwa hakirudi dukani."

"Basi tutawalipa."

"Kwa mkate gani? Huu wenye nyota?"

Hamira alisimama, uso umeumuka. Watu hawakumwita Hamira kwa sababu ya kuoka tu. Alikuwa mwepesi wa kupanda. "Kwa hiyo nyumba ifungwe kwa ajili ya magauni! Hospitali ndiyo inayotulisha, mama Kasuku. Hospitali! Watu wazima wanataka kung'aa, sisi tulale njaa?"

"Na mimi?" Fundi alisema polepole. "Mimi nitashona zipu za suruali mpaka lini?"

Mlangoni alikuwa amesimama mama yake Hamira, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopitwa na kitu, mkono mmoja kiunoni.

"Watu wazima wawili," alisema Bibi, "mnapigana kwa sababu ya kitu ambacho nikipiga chafya kinaruka. Mmeshindwa kukibandika?"

Hamira alitazama mkate. Akatazama misumari, na gauni la kwanza, lile la Spika, lililokuwa limekaribia kwisha. Akaanza kushuka, kama kawaida yake.

"Ni zuri lakini," alikubali kwa sauti ya chini. "Hilo siwezi kusema uongo."

"Basi nisaidie," alisema mkewe.

*

Walianza kwa kulikung'uta lile gauni. Hoja ya Bibi ilikuwa kwamba kinachotaka kutoka kitoke chote, kilichobaki ndicho kitakachokaa. Walilipeleka gauni la Spika uani, Hamira akashika mabega na Fundi akashika pindo, wakalipiga upepo mpaka mikono ikauma. Wingu la fedha lilipanda, likavuka ukuta, likatua kwa jirani.

"Nyie!" sauti ilipasuka upande wa pili. "Nimeanika shuka nyeupe hapa!"

"Samahani, jirani!"

"Samahani ya nini, sasa mume wangu atadhani nimetembelewa na malaika!"

Fundi alicheka hadi akaegemea ukuta. Lakini walipolileta ndani na kulipapasa kwa kitambaa cheusi, glita ilitoka vilevile, kana kwamba haijawahi kukung'utwa. Wakajaribu maji baridi na sabuni kidogo, gauni limegeuzwa ndani nje. Beseni likang'aa kuliko gauni. Fundi akakimbilia kwa msusi wa kona, akarudi na kopo la spreya ya nywele, akapuliza gauni zima akiwa amejifunga mtandio puani. Hapo matumaini yalikuja. Ilikauka, walipapasa, kitambaa cheusi kikabaki cheusi.

"Tumepata!" alipiga kelele Fundi.

"Tumepata!" alirudia Kasuku.

"Likalie kwanza," alisema Bibi.

Fundi alilivaa, likamfikia kwenye vidole vya miguu, maana Spika alikuwa mrefu. Akaketi. Kitambaa kililia kama karatasi, spreya ikapasuka kwenye mapaja na makalioni, na aliposimama kiti kilikuwa kimevaa gauni lake chenyewe.

Ndipo Hamira alipopata wazo lake. Lilimjia akiwa anapaka mikate midogo ya jioni. Mikate hiyo aliipaka shira ya sukari kwa brashi, akanyunyiza ufuta, na ufuta haukuondoka hata ukiusugua. Alisimama na brashi hewani.

"Mke wangu," aliita, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mvulana aliyepata sarafu barabarani. "Ufuta na glita vina tofauti gani?"

"Unaniuliza kwa nini?"

"Kwa sababu mimi miaka yote nabandika vitu vidogo juu ya vitu vikubwa!"

Hakuna watu wengine ambao wangefanya walichofanya. Walilitandaza gauni la mwimbaji juu ya meza ya kukandia unga, Hamira akapunguza shira kwa maji hadi ikawa nyepesi, akalipaka kwa brashi yake laini, akipuliza kila sehemu, ulimi ukiwa nje kwa makini. Fundi alimfuata na kitambaa. Kwa mara ya kwanza tangu waoane walikuwa wanafanya kazi moja juu ya meza moja. "Usipake nzito pale kwapani," alisema Fundi. "Unanifundisha kupaka?" alisema Hamira. Gauni lilipokauka mbele ya tanuri lilikuwa gumu kidogo, lakini liling'aa mara mbili zaidi, kama kitu kilichotoka sasa hivi majini. Fundi alilivaa, akaketi, akasimama, akazunguka, akaruka. Kitambaa cheusi hakikuambulia kitu.

Hamira alimshika mkewe kiunoni wakacheza katikati ya magunia, Kasuku akiwazunguka, na Bibi akipiga sinia kama ngoma huku akiwaambia kwamba hawajui kucheza.

Wakalitundika gauni msumarini.

*

"Bibi," alisema Kasuku kulipopambazuka, "gauni linatembea."

Na kweli lilikuwa linatembea. Kuanzia pindo hadi shingo lilikuwa limejaa sisimizi, msururu mmoja unapanda na mwingine unashuka, na kila aliyeshuka alikuwa amebeba kitu kinachometa. Walikuwa wamepita dirishani, wakavuka cherehani, na sasa walikuwa wanahamisha glita chembe kwa chembe kuipeleka wanakokujua wenyewe.

Fundi aliketi chini kwenye sakafu. Mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe! Fundi wetu! Nimekuja kupima, nina zamu mchana!"

Sauti hiyo haikuwa na haja ya mlango. Fundi alivua khanga ya mabegani akaitupa juu ya gauni, akasimama mbele yake. Spika aliingia na mwenzake mmoja wa kiwandani, mwanamke mfupi mwenye mfuko wa viatu. Chumba kikawa kidogo.

"Liko wapi gauni langu? Usiku nimeliota, dada. Nimeota nimeshika kipaza sauti na taa zote zimenigeukia."

"Bado kidogo tu, dada," alisema Fundi. "Ningeomba uje jioni."

"Jioni niko kwenye mashine. Hebu nilione hata hivyo hivyo."

"Haliko tayari."

"Limeliwa na sisimizi," alisema Kasuku.

Spika alicheka kidogo, akamtazama mtoto, akawatazama wakubwa. Hakuna aliyecheka naye. Alinyoosha mkono mrefu juu ya bega la Fundi akaivuta khanga.

"Ala!" alisema yule mwenzake, akarudi hadi mlangoni.

"Hii ni nini?" Spika aligusa pindo, akalamba kidole bila kufikiri. Uso wake ukabadilika. "Sukari? Fundi, umenipaka sukari? Mimi ni andazi?"

"Ni mimi," alisema Hamira haraka. "Wazo lilikuwa langu."

"Sikukuuliza wewe, baba. Nilimpa kazi yeye." Sauti yake sasa ilikuwa chini, na hilo lilitisha zaidi. "Unajua kitambaa hiki tumekinunuaje? Tumejinyima. Huyu unayemwona amevaa viatu vilivyotoboka, na anashona viatu kutwa nzima. Wenzangu walisema tumpe fundi wa mjini, mwenye duka la vioo. Mimi ndiye niliyesema hapana, nimeona mkono wake kwenye sare za watoto, mishono yake imenyooka. Mimi ndiye niliyekupigania!"

Fundi alihisi masikio yake yanawaka. Angeweza kusema kwamba kitambaa ni kibovu, na ingekuwa kweli. Aliinua uso.

"Dada, glita inatoka," alisema. "Inatoka yenyewe, na inaingia kwenye mkate wa mume wangu, na mkate huo unakwenda hospitali. Kesho wanakuja kutukagua. Nikishindwa kuizuia, sisi hatuna kula. Ndiyo maana tumejaribu kila kitu, hata ujinga. Nilipaswa kukuambia mapema, nikaogopa utaichukua kazi."

Wale sisimizi waliendelea na yao.

"Na sisi ingetumwagikia jukwaani," alisema hatimaye yule mfupi, kutoka mlangoni. "Ingetuingia kooni tukivuta pumzi. Mimi nilisema kitambaa kile bei yake inatia shaka."

"Wewe nawe husemi mpaka watu waumbuke," Spika alimjibu. Kisha kwa Fundi: "Nina mapumziko kesho asubuhi. Nitakuja kulivaa. Likinimwagia hata kidogo, nachukua vipande vyote kama vilivyo, na tusijuane. Sawa?"

"Sawa."

"Na usinipake asali."

*

Sukari haikuwa na ubishi. Ilitoka kwa maji baridi, na sisimizi wakaondoka nayo. Fundi alilianika gauni uani, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa, machozi yakimtiririka bila sauti. Mbele yake Hamira alikuwa anachekecha unga. Kwa kuogopa aliamua kuuchekecha unga wote wa nyumbani, hata uliokuwa kwenye magunia yaliyofungwa, na hakujua amwambie nini mkewe, kwa hiyo alichekecha tu, shwa, shwa, shwa.

"Kumbe hata huku imeingia," alisema, akimwonyesha. "Ona."

Fundi alifuta macho. Unga ulikuwa umeshuka wote. Juu ya wavu wa chekeche zilikuwa zimebaki chembe chache za fedha.

"Zimebaki juu," alisema.

"Ndiyo kazi ya chekeche."

Fundi alilichukua chekeche mikononi mwa mumewe. Akalitikisa. Chembe ziliruka, zikatua, zikabaki palepale. Akalipindua kidogo, akalipiga kofi.

"Baba Kasuku, tumekuwa wajinga."

"Hilo mama amelisema tangu jana."

"Sikiliza! Tangu jana tunaibembeleza isibanduke. Gundi, spreya, sukari. Ibanduke! Ibanduke inavyotaka! Ila isipate pa kutokea." Alikuwa amesimama, anaongea kwa mikono. "Neti juu, laini, matundu madogo kuliko chembe. Bitana chini. Nashona pande zote, kila kipande kinakuwa kama bahasha. Na kingo nazikunja ndani mara mbili, maana kwenye kingo ndiko inakomwagika zaidi, kule mkasi ulikopita!"

Hamira alimtazama, akatazama chekeche, akaanza kucheka peke yake. Kisha akaingia ndani, akarudi na pesa zilizokunjwa kwenye leso. Zilikuwa za unga wa wiki nzima.

"Hapana," alisema Fundi.

"Kesho tukishindwa, unga wa nini? Tukishinda, muuza unga atanikopesha. Nenda."

Alikwenda karibu mbio, bila kubadilisha hata ndala. Mfukoni alikuwa na kiberiti kilichojaa glita. Katika duka la vitambaa alikuta neti za kila aina, na kila moja aliishika kwenye mwanga, akaikunja kiganjani kama bakuli, akamwaga glita kidogo na kuitikisa.

"Mama," alisema muuza vitambaa, "hapa dukani unapepeta nini?"

"Nachagua."

"Watu huchagua kwa macho. Unaniharibia mali."

"Hii inapitisha," alisema Fundi, akaiweka kando. "Na hii pia. Huna yenye jicho dogo zaidi?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama kumtazama. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kitu na wote wakatazama ndala zake zenye unga. Fundi aliona, akaona haya, lakini hakuacha. Muuza vitambaa alifungua mdomo amfukuze, ila udadisi ukamshinda. Alipanda ngazi, akashusha gombo lenye vumbi kutoka rafu ya juu, neti ya kijivu laini kama moshi.

"Hii hainunuliwi. Wanasema haina rangi."

Fundi aliikunja, akamwaga, akaitikisa. Akaitikisa tena, kwa nguvu zaidi. Chini kwenye meza nyeusi hakukuanguka kitu.

"Wee!" alisema muuza vitambaa, ameinama pua karibu na meza. "Hebu nipe na mimi nijaribu."

*

Siku hiyo nyumba haikupumzika. Fundi alihamishia cherehani uani, akafumua gauni lote la Spika, akalishona upya kipande kwa kipande kati ya neti na bitana. Magauni mengine yalifungiwa kwenye magunia matupu, yakafungwa kamba, yakapelekwa kwa jirani wa shuka, ambaye alikubali kwa sharti kwamba siku moja atashonewa na yeye.

Ndani, Hamira alikuwa amegundua kwamba ufagio unaihamisha tu glita kutoka pembe moja hadi nyingine, na kitambaa cha maji kinaisambaza. Kinachoinyakua ni unga uliokandwa. Alikanda madonge ya maji na chumvi, akampa kila mtu lake. Wakaanza kugonga kuta, rafu, miguu ya meza, mianya ya sakafu, pa, pa, pa, na madonge yakatoka yamemeta. Bibi alipiga magoti na donge lake chini ya kitanda, anakataa kusaidiwa. Kasuku alilibandika lake kwenye nywele za baba yake na kulibandua.

"Nyumba nzima tunaipiga masaji," alisema Bibi kutoka chini ya kitanda. "Ningejua ndoa ya mwanangu itanifikisha huku!"

"Mama, pale kwenye kona umepita?"

"Nimepita kabla hujazaliwa."

Asubuhi, mikate ya kwanza ilipotoka motoni, Fundi alikuwa anakata uzi wa mwisho. Lilikuwa gauni jingine kabisa. Mng'ao haukuruka tena machoni kama bati. Ulitoka ndani, kupitia ile neti ya moshi, ukawa unatembea polepole kila alipoligeuza. Alifurahi, na papo hapo akaogopa. Spika alitaka miwani ya jua. Je, huu ungefika safu ya mwisho?

Hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu mlango uligongwa mara mbili, kavu, na Msimamizi akaingia na sare yake ya buluu iliyokoza.

Hakukaa. Alipitisha kidole juu ya rafu za mikate, akakitazama. Akafungua magunia. Akainama chini ya meza ya kukandia kwa tochi ndogo. Hamira alimfuata nyuma akiwa ameshika kofia mkononi, akijibu maswali ambayo hayakuulizwa. Fundi alisimama uani na gauni mikononi, mbali na mlango, na Bibi alimshika Kasuku kwa nguvu, kiganja kikiwa tayari karibu na mdomo wake.

"Pasafi," alisema Msimamizi. Hamira alitaka kutabasamu. "Leo pasafi, kwa sababu mlijua nakuja. Na kazi ya mkeo?"

"Iko... iko huko nje."

"Nje leo. Mvua ikinyesha?"

Msimamizi hakuwa mkatili. Alikuwa na wodi zilizojaa watu wasio na nguvu ya kutema, na alikuwa ameshaahidiwa mambo mengi na watu wengi. "Mimi ninaona ni bora mwachane na kimoja," alisema. "Mkate au hizo nguo."

"Hodi wenyewe!"

Spika aliingia kupitia mlango wa uani, akamkuta Fundi, akamnyang'anya gauni kabla ya salamu na kutokomea nalo chumba cha kulala. Walisikia zipu. Walisikia kimya, na kimya cha Spika hakikuwa cha kawaida. Fundi aliingia ndani, akasimama kando ya mumewe.

Alipotoka, alitoka polepole. Mwanga wa mlango ulimkuta mabegani, ukamshuka hadi miguuni, na kila alipopumua ulisogea. Mikono yake yenye makovu ya sindano za kushonea ngozi ilikuwa imetandazwa pembeni, kama mtu anayeogopa kujigusa.

"Fundi," alisema. "Umenifanya nini?"

"Halijang'aa vya kutosha?"

"Nyamaza, usiniharibie." Alijizungusha. Akajizungusha tena, kwa kasi, pindo likafunguka, na akaachia sauti yake, noti moja ndefu iliyotikisa masinia kwenye rafu. Aliruka. Alijipiga mapajani, akajikung'uta kama kuku aliyetoka vumbini. Sakafu chini yake ilibaki sakafu. "Halimwagi! Jamani, halimwagi! Linang'aa na halimwagi!"

Furaha ilimpanda, akashindwa kuimeza. Alimkumbatia Fundi hadi miguu yake ikaacha ardhi. Alimkumbatia Bibi, akamkumbatia Hamira ambaye alibaki ameduwaa na kofia yake, na bila kuangalia ni nani anayefuata, akamkumbatia Msimamizi.

Alimkumbatia kweli, kifua kwa kifua, akamtikisa kushoto na kulia, glita yote ya kiwanda cha viatu ikisuguana na sare ya buluu iliyokoza. Hamira alifumba macho. Fundi hakuweza kufumba yake.

Spika alimwachia, akatambua alichofanya, akarudi nyuma. "Samahani, mama. Sikujua wewe ni nani."

Msimamizi alishusha macho kwenye kifua chake. Alisogea hadi mlangoni kwenye mwanga, akajitazama begani, akajigeuza, akajifuta kwa kiganja kuanzia shingoni hadi kiunoni, akakifungua kiganja. Alikitazama kwa muda mrefu, kidole kwa kidole. Kilikuwa kiganja kitupu.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Ulichofanya. Kwa nguvu zaidi."

Spika alimkumbatia tena, kwa nguvu zaidi, kama alivyoambiwa, akamsugua mgongoni na mabegani. Msimamizi akarudi kwenye mwanga, akajikagua upya, sasa hata kwenye vifungo na ndani ya mifuko. Hakuna. Alizima tochi yake akaiweka mahali pake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kidogo.

"Mikate kesho, saa ile ile," alimwambia Hamira. "Na nyie endeleeni na kazi zenu zote mbili."

Fundi aliegemea ukuta, anacheka na kulia kwa pamoja. Msimamizi alishika kitasa cha mlango, akasita, akamgeukia tena yule mwanamke mrefu aliyekuwa anawaka katikati ya chumba.

"Hebu," alisema. "Mara moja tu ya mwisho."

Safari hii Spika hakumtikisa. Alimshika tu, na Msimamizi akaweka kichwa chake begani kwake, kwenye neti ya moshi, akakaa hapo. Walipoachana alitoka akaenda zake kazini, na hakujitazama kifuani.